Kaunta ya serikali imehamia saiba, kufuli imebaki afisini

Nilishuka garimoshi pale Syokimau Ijumaa jioni, nikapanda matatu hadi Umoja, ambako mpwa wangu ana duka la saiba chini ya ghorofa moja ya kupangisha. Safari yangu ilikuwa ya kifamilia. Kijana alikuwa akitufuatilia Nairobi makaratasi ya shamba la marehemu baba huko Takaungu, nami nikaja kumpa mkono. Asubuhi ya Jumamosi, kabla sijamaliza chai, akanipigia simu kutoka dukani.

"Mjomba, hebu njoo utazame. Hii mashine imeingiliwa."

Nilikuta faili zote zipo mahali pake, lakini kila jina limeongezewa mkia wa herufi nne tusizozijua. Ukibonyeza, haifunguki. Barua, picha, hesabu, fomu, zote vivyo hivyo. Ndani ya kila folda paliachwa barua fupi ya Kiingereza. Wenyewe walisema wamezifunga faili zote kwa msimbo, na anayetaka ufunguo alipe dola 980. Akiwaandikia ndani ya saa 72 watampunguzia nusu, alipe 490. Wakaongeza kwamba wako tayari kufungua faili moja bure, ili tuamini kwamba ufunguo wanao. Wezi wenye adabu za muuza duka.

Dola 490 ni kama shilingi 63,000. Kwa mtu anayetoa kopi kwa shilingi kumi, hizo ni kopi 6,300 kabla hajalipa kodi wala stima.

Lakini pesa si jambo lililoniuma zaidi. Lililoniuma ni orodha ya vilivyomo ndani ya ile mashine moja. Mlikuwa na nakala za vitambulisho vya watu wa mtaa mzima. Mlikuwa na barua za kuomba kazi za vijana wa Kayole na Donholm, na daftari la chama cha akina mama ambao hujiwekea akiba kila wiki. Mlikuwa na orodha ya ada ya madrasa. Mlikuwa na makaratasi yetu ya Takaungu, ambayo asili zake zililiwa na mchwa zamani na zikabaki hizo nakala tulizowahi kupiga. Na mlikuwa na picha za mama mmoja wa jirani, aliyefiwa na mumewe. Alizileta dukani kwenye simu mbovu ili zihamishwe kabla simu haijafa kabisa. Simu ilikwisha kufa.

Yule mama aliingia saa nne. "Kijana, zile picha ziko tayari nichukue?" Mpwa wangu hakuweza kumjibu. Aliniangalia mimi.

Ndugu msomaji, naandika haya kwa sababu wengi wetu huku Pwani tuna mtoto, ndugu au jamaa anayeishi mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Majengo ya Pumwani hadi Eastleigh, Buruburu, Komarock na Dandora. Na hata asiye na mtu huko, ana saiba yake Kisauni, Likoni, Malindi au Lamu. Kilichotokea Umoja kinaweza kutokea kesho katika duka ulikoacha nakala ya kitambulisho chako.

Tazama mambo yalivyobadilika. Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali katika mtandao wa eCitizen. Paspoti, cheti cha kuzaliwa, leseni, cheti cha tabia njema, vyote vinaombwa huko. Ripoti ya kodi hujazwa mtandaoni kabla ya 30 Juni kila mwaka. Bima mpya ya afya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, nayo ina usajili wa mtandaoni. Silalamiki. Foleni za Nyayo House tunazikumbuka, na hongo zake pia.

Lakini mwananchi asiye na kompyuta, au asiyejiamini kuitumia, anakwenda wapi? Anakwenda saiba. Anamwachia kijana nambari ya kitambulisho, nambari ya PIN, nywila, na wakati mwingine simu yenyewe ili asome ule ujumbe wa kuthibitisha. Kwa hakika kaunta ya serikali imehamia saiba. Ila zile kufuli, walinzi na mafundi waliokuwa wakilinda kaunta ya zamani hawakuhamia pamoja nayo. Kaunta mpya inalindwa na kijana mmoja mwenye kompyuta mbili za mitumba.

Wakubwa wakipigwa tunasikia. Aprili 2023 maduka ya Naivas yalitangaza kwamba wahalifu wa mtandao wameingia katika mifumo yao na kuchukua data. Mwaka huo huo kundi linalojiita Medusa lilimwaga mtandaoni nyaraka za Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Wakubwa hao wana mawakili, wana wataalamu, wana wasemaji. Mpwa wangu alikuwa na mimi, niliyesomea uhasibu kwa kiwango cha diploma, na fundi wa jirani ambaye ushauri wake wa kwanza ulikuwa kuifuta mashine yote na kuweka Windows upya. Nilimzuia, na mbele nitaeleza kwa nini.

Kwanza tujue mlango. Nilimuuliza kijana amefanya nini wiki ile. Akasita, kisha akasema. Programu ya Office aliyokuwa nayo ilianza kudai ilipiwe. Akatafuta mtandaoni ile programu ndogo ya kuvunja kufuli ya malipo, akaipata bure. Maelezo yake yalimwambia azime kwanza kinga ya virusi, kwa sababu "itasumbua". Akaizima. Akaipa ile programu ruhusa ya kufanya chochote. Usiku ule alifunga duka akaiacha mashine inaendelea.

Hii si bahati mbaya yake peke yake. Ipo familia ya virusi vya kikombozi iitwayo STOP, au Djvu, ambayo imezoea kuingia katika kompyuta za watu binafsi kwa njia hii hii ya programu za kuvunja kufuli. Bei zake ndizo hizo hizo, 980 na 490. Aliyeiunda hakuhangaika kuvunja dirisha. Alijua kwamba katika nchi ambazo programu halali ni ghali, watu watamfungulia mlango wenyewe na kumzima mbwa kwa mikono yao. Wazee wetu walisema rahisi huwa ghali.

Mlango wa pili ni wa nyaraka, nao naufahamu kidogo kwa kazi yangu. Ndani ya Word na Excel kuna kitu kiitwacho makro. Ni maagizo yanayofichwa ndani ya waraka ili ufanye kazi wenyewe. Mhasibu huandika makro moja ikamkokotolea mishahara ya wafanyakazi wote kwa kubonyeza mara moja. Ni jambo zuri. Lakini maagizo yanayoweza kukokotoa mishahara yanaweza pia kwenda mtandaoni, kuvuta virusi na kuviwasha. Machi 1999 kirusi cha Melissa kilisambaa duniani ndani ya waraka wa Word. Kila aliyeufungua, kilijituma kwa watu 50 wa kwanza katika orodha yake ya anwani. Mwaka 2016 virusi vya kikombozi vya Locky vikaja kwa njia hiyo hiyo, vikijifanya ankara ya malipo.

Waraka wa namna hii una tabia moja ya kuutambulisha. Ukiufungua, huoni kitu cha maana. Unaona maneno yaliyoparaganyika, au tangazo kwamba waraka "umelindwa", na kwamba ili uusome ni lazima ubonyeze kitufe kwenye utepe wa manjano ulio juu ya ukurasa. Utepe huo kwa kawaida ni Word yenyewe inakuuliza kama unaruhusu makro zifanye kazi. Waraka wa kweli, kama barua ya shule, wasifu wa kazi au ankara, hauhitaji makro ili usomeke. Ukikuomba ubonyeze, ufunge. Mpigie simu aliyeutuma, kwa nambari unayoijua wewe, si ile iliyoandikwa ndani ya waraka.

Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia moja kwa moja makro za nyaraka zinazotoka mtandaoni. Hatua hiyo ilisaidia sana, lakini saiba zetu zina matundu mawili. La kwanza, maduka mengi bado yanatumia Office kuukuu. Office 2010, kwa mfano, iliacha kupewa marekebisho Oktoba 2020, kwa hivyo kinga hiyo haikuifikia. La pili ni flashi. Kinga hiyo hutegemea alama ambayo Windows huubandika waraka uliotoka mtandaoni. Waraka ukipitishwa kwenye flashi ya kawaida, alama hiyo hupotea njiani, na ukifika mashine ya pili unaonekana kama waraka wa nyumbani. Na saiba ya Umoja huishi kwa flashi. Kwa siku moja zinachomekwa na kuchomolewa kutoka asubuhi hadi isha, za wanafunzi, za makanisa, za misikiti, za wafanyabiashara.

Liko na la tatu, la umri wa mashine. Kompyuta nyingi za maduka haya ni za mitumba, zilizokwisha kutumika Uingereza kabla ya kufika Luthuli Avenue na Moi Avenue. Nyingi zinaendeshwa na Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, na zenyewe ni kuukuu mno kukubali Windows 11. Microsoft imeruhusu watu binafsi wajisajili kupata marekebisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na ipo njia ya kujisajili bila kulipa. Wangapi mtaani wanalijua hilo? Mpwa wangu hakulijua.

Tusilichukulie jambo la marekebisho kama porojo za mafundi. Ijumaa ya 12 Mei 2017 virusi vya kikombozi vya WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150, vikaingia mashine hata bila mtu kufungua waraka wowote. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000. Dawa ya tundu lile ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi, miezi miwili kabla. Waliokuwa wameiweka walisalimika.

Sasa, tufanye nini? Nitasema yale ambayo mwenye duka dogo anayaweza, bila kuajiri mtaalamu.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni nakala ya pili, isiyokaa ndani ya mashine. Nunua diski ya nje. Kila jioni, baada ya kufunga hesabu, nakili faili za kazi, kisha ichomoe na uiweke kando. Nasisitiza kuichomoa. Virusi hivi hufunga kila kinachoonekana kwenye mashine, pamoja na diski iliyoachwa imechomekwa. Kwa nyaraka zisizopatikana tena, weka na nakala ya tatu mtandaoni. Google inatoa gigabaiti 15 bure, zinatosha makaratasi ya familia. Mwenye nakala anasoma barua ya wezi, anacheka, anafuta mashine na kuanza upya.

La pili, acha programu za kuvunja kufuli. LibreOffice ni ya bure kwa halali, inafungua nyaraka za Word na Excel, na inatosha kwa barua, wasifu na hesabu za kawaida. Hapa nataka kusema kama Muislamu kwa Waislamu wenzangu: tunaulizana kama nyama ni halali, na tunafanya vyema. Basi tuulizane pia kuhusu chombo tunachotafutia riziki.

La tatu, acha kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows iwe imewashwa. Programu yoyote inayokuomba uizime imekwisha kukuambia ni ya nani. Ruhusu marekebisho yaingie hata kama yanakula bando. Na mashine ya wateja iwe na akaunti yake ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Mashine yenye nyaraka za watu isichomekwe flashi ya mpita njia.

La nne, mkikumbwa, chomoeni kebo ya mtandao upesi na mzitenge mashine nyingine. Kisha tulieni. Msifute kitu. Hifadhini ile barua ya wezi na faili kadhaa zilizofungwa. Hii ndiyo sababu nilimzuia fundi. Tangu 2016 polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta wanaendesha mradi uitwao No More Ransom, ambako unapakia faili zilizofungwa na kuambiwa bure kama ufunguo wake umekwisha kupatikana. Kwa STOP yenyewe, kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 kifunguo cha bure cha aina 148. Aina mpya nyingi hazimo, na zetu hazikumo. Lakini faili iliyofungwa leo huenda ikafunguka siku nyingine, ilhali faili iliyofutwa haifunguki kamwe.

La tano ni zito kulisema. Virusi vya aina hii vimejulikana kuandamana na mwenzake anayeiba nywila zilizohifadhiwa kwenye mashine. Kwa hivyo wateja walioingia iTax, eCitizen au barua pepe zao pale ni lazima waambiwe wabadilishe nywila. Mpwa wangu alitaka kunyamaza. Aliogopa watakimbia. Nilimwambia kwamba vitu vya watu ni amana, na mwenye amana akiibiwa humwambia mwenyewe, hata kwa uso wa haya. Alikaa kimya muda, kisha akaandika tangazo, akalibandika mlangoni.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya uzembe wa kijana mmoja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale data za watu zinapochukuliwa na pakawa na hatari ya kweli ya madhara. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta aripoti shambulio kwa kamati ya taifa ndani ya saa 24. Saa 72 za sheria na saa 72 za wezi zinaanza kuhesabiwa asubuhi moja. Tofauti ni kwamba wezi waliacha anwani katika kila folda. Sheria, mwenye saiba hajui hata iko mlango gani.

Kanuni za 2021 zimewaondolea biashara ndogo, zenye mapato ya chini ya shilingi milioni tano kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi, sharti la kujisajili kwa Kamishna wa Data. Ni nafuu kwao, na ni haki. Lakini wajibu wa kulinda data za watu haukuondolewa, na pamoja na nafuu ile ulihitajika msaada. Tahadhari za Mamlaka ya Mawasiliano nilizowahi kuziona zimeandikwa Kiingereza cha wataalamu. Nani amewahi kumletea mwenye saiba wa Umoja au wa Likoni karatasi moja ya Kiswahili yenye mambo matano ya kufanya? Leseni ya biashara kaunti hukumbuka kuidai kila mwaka. Ikitolewa leseni, itolewe na ile karatasi. Na serikali inapozungumzia kujenga vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kila wadi, isisahau kwamba vituo vya namna hiyo tayari viko, vilijengwa na vijana kwa mikopo yao wenyewe, na vinaitwa saiba.

Kikombozi hatukulipa. Hakuna wa kutuhakikishia kwamba mwizi akilipwa atatoa ufunguo, na kila shilingi inayolipwa ni mtaji wa kumnasa mwingine. Daftari la chama liliandikwa upya kutokana na jumbe za M-Pesa za akina mama wenyewe, kazi ya siku tatu na mabishano kidogo. Madrasa ilikuwa na daftari la mkono.

Makaratasi ya Takaungu nayo yalipatikana. Nilipompigia simu dada yangu mkubwa, Kisauni, kumpa habari mbaya, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Si yale mliyonitumia WhatsApp mwaka juzi? Ninayo. Mimi sifuti kitu." Dada yangu hajawahi kugusa kompyuta. Nakala yake ndiyo iliyotuokoa.

Picha za yule mama hazikupatikana. Diski yake ya zamani tumeitoa ndani ya mashine, tumeiandika jina kwa kalamu na kuiweka kabatini, tukitumaini. Alikuja tena kabla sijarudi Mombasa, akauliza. Tukamwambia kweli. Akasema, "Basi, ni mapenzi ya Mungu," akatoka polepole.

Virusi vile havikuwa mapenzi yetu, lakini kukosekana kwa nakala kulikuwa ni kazi ya mikono yetu. Jioni hii, kabla hujalala, tafuta zile picha na makaratasi yasiyopatikana mara mbili, uyaweke mahali pa pili.